Martini ya mu nyumba, na swali la Mama juu ya lotoko



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alitetea memware yake, na jioni tulikutana kwake ku Mangobo kumpongeza. Primus zilikuwa, samaki ya kuchoma ilikuwa, na rafiki mmoja aliyetoka safari ya Kampala alileta chupa ya Uganda Waragi, ile jini ya Waganda. Akasema: "Leo tunakunywa sawa vile watu ya mu filme. Nani anajua kutengeneza martini?" Wote wakaniangalia mimi, juu nilisoma agronomia, na kwetu hapa mtu wa agronomia anahesabiwa kujua kila kitu kinachotoka ku mimea.

Nilisema najua. Sikujua. Nilimimina jini mu glasi kubwa ya bia, nikatia barafu iliyonunuliwa barabarani mu sashe, nikatikisa kwa nguvu, nikakamulia ndimu tatu. Kilichotoka kilikuwa maji ya vuguvugu yenye harufu ya manukato. Watu wawili waliamka usiku na tumbo la kuharisha. Mmoja wao ni mimi.

Yule rafiki, kwa kunichekesha, akasema: "Wacha mambo ya wazungu. Lotoko ya mama yako iko bora kuliko hii. Tuitie majani yenye harufu, tuiite Jini ya Tshopo, tuuze mu chupa nzuri." Tulicheka. Lakini wiki iliyofuata alinitumia bajeti kamili: bei ya chupa, bei ya lebo, faida ya kila mtu. Hapo sikucheka tena, na ndiyo sababu ya andiko hili. Kwanza nitaeleza namna ya kutengeneza martini ku nyumba bila kujiaibisha sawa vile mimi. Kisha nitaeleza kwa nini lotoko ya mama yangu, iliyolipa minerval yangu kutoka grade ya kwanza mpaka lisanse, haijaingia bado mu glasi ile.

Martini ni nini

Tuanze na jina, juu linachanganya. Hapa kwetu ukiomba "martini" mu baa, ukiwa na bahati utaletewa kinywaji kitamu chenye rangi, kinachotoka mu chupa iliyoandikwa Martini. Ile ni marke ya vermuti ya Italia. Martini tunayozungumzia ni kokteli: jini nyingi, vermuti kavu kidogo, barafu ya kupoza, basi. Hakuna sukari, hakuna juisi. Mu vitabu vya wauza baa wa Marekani vya miaka ya 1880 kuna kinywaji kinaitwa Martinez, chenye jini na vermuti tamu, na wengi wanaona hicho ndicho kilizaa martini. Miaka ilivyopita, kinywaji kikazidi kuwa kikavu, vermuti ikazidi kupungua.

Msifikiri kwamba jini ni mgeni kabisa mu mkoa wetu. Mwaka 1951 John Huston alikuja kupiga sehemu ya filme The African Queen kwenye mto Ruiki, kule upande wa Ubundu, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Mu filme ile kuna sehemu ambapo yule mwanamke anachukua chupa za jini za nahodha, anazimwaga moja moja mu mto, wakati nahodha anaangalia kama mtu anayezikwa akiwa hai. Na mbele ya hapo, mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yaliandika mkataba wa kuzuia ama kutoza kodi pombe kali mu eneo la Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Kisangani yetu, iliyo karibu na ikweta, iko katikati kabisa ya eneo lile. Lakini hawakufanya vile juu ya afya yetu peke yake. Pombe kali ilikuwa biashara na ilikuwa siasa, na wakubwa walitaka waamue wenyewe nani anakunywa, nani anapika, na nani anapata faida. Shikeni neno hilo, tutalirudilia.

Mu chupa kuna nini

Jini (ya chupa, si lile jini la hadithi za bibi) ni pombe safi isiyo na ladha nyingi, ambayo inapikwa tena ama kulowekwa pamoja na mimea yenye harufu. Mmea wa lazima ni mreteni, mti wa nchi za baridi, ndugu ya saipresi. Kile watu wanaita tunda lake si tunda: ni koni, sawa vile ya misonobari, ila magamba yake ni ya nyama na yamefungana mpaka inafanana na tunda dogo la bluu. Bila mreteni hakuna jini. Kisha kila mtengenezaji anaongeza yake: mbegu za giligilani, maganda ya limau ama ya chungwa, mizizi ya namna mbalimbali. Mreteni hauoti mu joto na unyevu wa Tshopo. Ndugu yake mmoja anaota mu milima ya Kenya na Ethiopia, lakini usichume tu chochote kinachofanana, juu mu jamii ile kuna mimea yenye sumu.

Vermuti ni divai iliyoongezewa pombe kidogo, kwa kawaida asilimia 15 mpaka 18, na kutiwa mimea michungu. Jina lake linatoka ku neno la Kijerumani la pakanga. Wale wanaosoma kitabu cha Ufunuo wanalijua jina la Pakanga: ni ile nyota iliyofanya maji yawe machungu. Pakanga ni wa jenasi ya Artemisia, na mu jenasi hiyohiyo mumo Artemisia annua, mmea uliotoa artemisinini, dawa ya malaria tunayopewa ku sentre ya afya. Basi vermuti na dawa yetu ya malaria ni jamaa, ila usichanganye kazi zao: hakuna martini inayotibu malaria, na ukiwa mu matibabu acha pombe kabisa.

Kitu ambacho watu mingi hawajui: vermuti ni divai, kwa hiyo inaharibika. Ukifungua chupa, iweke mu frigo na uimalize mu mwezi mmoja ama miwili. Ile chupa iliyokaa wazi juu ya kabati ya mzee tangu Noeli ya mwaka juzi si vermuti tena, inaelekea kuwa siki. Mara nyingi mtu anasema "martini ni mbaya" kumbe alikunywa vermuti iliyokufa.

Kwa nini kukoroga, si kutikisa

Hapa ndipo niliharibu ile jioni ya Mangobo. Ukitikisa, unaingiza hewa mu kinywaji na unavunja barafu vipande vidogo. Kinywaji kinakuwa na ukungu na povu, na kinapata maji haraka. Kwa kinywaji chenye juisi hiyo ni sawa. Kwa martini, ambayo ni pombe tupu, tunataka kitu kinachong'aa sawa vile maji ya kisima kizuri, kizito kidogo mu kinywa, baridi sana. Ndiyo maana inakorogwa polepole na kijiko. Mu filme za James Bond anaomba itikiswe. Hiyo ni hiari yake.

Sasa fizikia kidogo, msiogope. Barafu inapoza kwa kuyeyuka. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la juli 334 hivi. Tuseme una mililita 75 za jini na vermuti, na chupa zako ziko na joto la nyumba yetu, digri 28. Kuzishusha mpaka chini kidogo ya sifuri kunaomba kuyeyusha barafu kama gramu 25. Maana yake, mu glasi yako mumeingia mililita 25 za maji. Hiyo si hasara: maji hayo ni sehemu ya mapishi, ndiyo yanafanya pombe isiunguze koo. Lakini kama barafu yako ni ile ya sashe, imekwisha kulowa na nusu yake ni maji tayari, basi utapata maji mengi bila baridi. Na kama chupa ya jini ilishinda mu frigo tangu asubuhi, barafu kidogo tu itatosha. Kwa hiyo mu Kisangani sheria ya kwanza ya martini ni hii: poza kila kitu mapema, saa ambayo umeme uko. Chupa, glasi, hata kijiko.

Sheria ya pili ni juu ya maji. Kugandisha hakuui vijidudu vya tumbo. Vinalala tu, barafu ikiyeyuka vinaamka. Na pombe ya martini, kwa dakika chache, haitoshi kuviua. Chemsha maji, yaache yapoe mu sufuria iliyofunikwa, yamimine mu bakuli safi ama mu vikombe vya plastiki, kisha gandisha. Vipande vikubwa ni bora kuliko vidogo, juu vinayeyuka polepole. Kama hauna uhakika wa maji ya barafu, achana na barafu mu glasi: weka jini, vermuti na maji yaliyochemshwa (vijiko viwili vya chai kwa mtu mmoja) mu chupa safi, ifunge, ilaze mu konjelatere masaa manne. Haitaganda, juu pombe inashusha kiwango cha kuganda. Utamimina moja kwa moja. Namna hiyo nimeipenda zaidi, kwa sababu hata umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, chupa inabaki baridi saa nzima ukiifunga mu kitambaa.

Namna ya kutengeneza

Hauhitaji vyombo vya hoteli. Mimi natumia chupa ya jem iliyooshwa vizuri, kijiko kirefu, na chujio ya chai. Kipimo ni kijiko cha supu, ambacho kinabeba karibu mililita 15.

1. Weka glasi ndogo mu frigo ama mu konjelatere nusu saa mbele.
2. Mu chupa ya jem tia vijiko vinne vya jini na kijiko kimoja cha vermuti kavu, ile nyeupe iliyoandikwa "dry" ama "extra dry". Ile nyekundu ni tamu, ni ya kazi nyingine.
3. Jaza barafu ngumu mpaka juu ya kinywaji. Watu wanaogopa kutia barafu nyingi wakifikiri italeta maji mengi. Ni kinyume: barafu nyingi inabaki baridi na inayeyuka kidogo, barafu kidogo inakwisha yote.
4. Koroga polepole, kijiko kikigusa ukuta wa chupa, nusu dakika mpaka sekunde 40. Ukisikia chupa inaumiza vidole kwa baridi, imefika.
5. Chuja mu glasi baridi. Usiache barafu iingie.
6. Kata ganda la limau upana wa kidole, bila nyama nyeupe. Likunje juu ya glasi ili mafuta yake yaruke juu ya kinywaji. Ndimu za kwetu ziko na ganda jembamba, lakini zinafaa. Usikamue maji ya ndimu ndani. Zeituni ukizipata mu duka, ni sawa. Usipozipata, haukukosa kitu.

Kunywa polepole, ikiwa ingali baridi. Martini iliyopata joto haina huruma.

Na sasa hesabu, juu tuko watu tuliosoma. Vijiko vinne vya jini ya asilimia 40 ni mililita 24 za pombe tupu. Ongeza vermuti, inafika karibu 27. Chupa kubwa ya Primus, santilita 72 kwa asilimia 5, iko na mililita 36. Kwa hiyo glasi ile ndogo, inayoonekana kama ya kitoto, ni robo tatu ya Primus nzima, na watu wanaimaliza mu dakika kumi. Glasi mbili ni Primus moja na nusu. Wapanda toleka, waendesha moto, na kila mtu mwenye kazi asubuhi: moja inatosha. Wadada wenye mimba: hata moja hapana.

Sasa lotoko

Mnajua lotoko inavyopikwa, lakini acheni niieleze kama mtu wa agronomia, juu mu auditware hakuna profesa aliyewahi kutuambia kwamba mama zetu ni wanakemia.

Mama analoweka mahindi, anayaacha yaote mu gunia siku chache, anayakausha, anayasaga. Mbegu inapoota inatoa vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Mama anaiba vile vimeng'enya. Anavichanganya na uji wa unga wa muhogo, wanga wa muhogo unakuwa sukari, chachu inageuza sukari kuwa pombe. Ni kazi ileile ya malti mu kiwanda cha bia ama cha wiski. Kisha anaupika ule mchanganyiko mu pipa, mvuke unapita mu mrija uliozamishwa mu maji baridi, na lotoko inaanza kudondoka. Pombe inachemka kwa digri 78, maji kwa 100, ndiyo sababu pombe inatangulia.

Mama ana desturi moja: glasi ya kwanza inayodondoka anaimwaga chini. Nikiwa mtoto nilifikiri ni ya mababu tu. Ku iniversite nikajifunza kwamba mwanzo wa kupika, tunaouita kichwa, unabeba vitu vyepesi vyenye harufu kali, kama asetaldehidi, vinavyoumiza kichwa. Mwisho, tunaouita mkia, ni majimaji mazito yenye harufu mbaya. Kilicho kizuri ni katikati. Mama alijua yote hayo bila kitabu.

Lakini hapa nataka niseme wazi, juu mu watu kunazunguka uongo wa hatari. Wanasema: "Ukimwaga kichwa, metanoli imekwisha." Hapana. Metanoli inachemka kwa digri 65, ni kweli, lakini ikiwa imechanganyika na pombe na maji haitoki yote mwanzo. Inaenea mu kichwa, mu katikati na mpaka mu mkia. Wengine wanasema: "Washa moto, ukiwa bluu pombe ni safi." Hapana tena. Hakuna macho, pua wala kiberiti kinachoweza kukuambia. Ni laboratware tu.

Habari njema ni kwamba metanoli inatoka hasa ku pektini, ambayo iko nyingi mu matunda. Mahindi na muhogo yana kidogo. Kwa hiyo lotoko iliyopikwa kwa uaminifu kwa kawaida haina metanoli ya kuua. Mara nyingi watu wanaokufa ama kupofuka wamekunywa pombe ambayo mtu kati ya mpishi na mnywaji aliiongezea alkoli ya kiwanda ili ipande nguvu na iongezeke. Dalili zinachelewa, mara nyingi masaa 12 mpaka 24: kichwa, kutapika, tumbo, na kuona kama uko mu ukungu. Mtu akikuambia anaona ukungu siku ya pili ya kunywa, usimpe maziwa, usimwombee tu: mpeleke hospitali palepale, kuna dawa, na kila saa inahesabika.

Kuna hatari mbili zingine. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri siku tatu ama nne una siyanidi, na siyanidi ni nyepesi, inaweza kupanda na mvuke. Na mirija: kuna wanaotumia radiatere ya zamani ya motokari kupozea mvuke. Ile imeunganishwa na risasi, na risasi inaingia mu pombe, kidogo kidogo, miaka na miaka. Inakula ubongo na figo.

Swali la Mama

Jumapili moja nilipeleka vitu vyangu ku nyumba, Kabondo, nikatengenezea Mama martini. Alishika glasi kwa vidole viwili, akanusa, akaonja.

"Papa, hii inaitwa nini?"

"Martini, Mama."

"Na chupa yake ni bei gani?"

Nikamwambia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Na bei hiyo nilikuwa nakulipia trimestre nzima. Hii inaunguza polepole, ndiyo tofauti. Munatia baridi ili musisikie."

Nikacheka, nikamweleza mpango wa yule rafiki, na nikamweleza mambo ya metanoli, siyanidi na mirija, yote niliyoandika hapa juu. Nilikuwa naeleza kama mtu anayetoa ekspoze. Sikuona uso wake unabadilika. Alipoongea aliuliza hivi tu:

"Kwa hiyo mimi nimeua watu?"

Bandugu, mu defansi yangu sikuulizwa swali gumu hivyo. Nilimwambia: "Hapana, Mama. Muhogo wako unaloweka siku nne, naujua. Mrija wako ni wa shaba, naujua. Unachouza mu kikombe hapa mbele ya mlango, unakiona kinanywewa." Akasema: "Na ile ninayouza mu bidoni?"

Juu kuna mnunuzi anayekuja na bidoni za lita 20, anachukua zote, haulizi bei mara mbili. Mama hajui zinakwenda wapi, wala mimi sijui. Pengine haongezi kitu. Pengine anaongeza. Tangu siku ile Mama hamuuzii tena. Anauza kikombe kwa watu anaowajua, na pesa imepungua sana. Mdogo yangu yuko mu grade ya pili, na sasa nusu ya minerval yake inaniangukia mimi, ambaye kontra yangu ni ya miezi mitatu mitatu. Sijuti kumwambia. Lakini musifikiri kwamba kusema ukweli wa sayansi kunalipwa na mtu.

Kwa yule rafiki nilijibu hapana, na alikasirika. Aliniambia: "Wewe unaona haya na lotoko ya mama yako." Ningekuwa naona haya, nisingeandika haya yote mbele yenu. Ninachokataa ni kubandika lebo nzuri juu ya kitu ambacho hakikupimwa. Mtu anayekunywa lotoko mbele ya mlango wa Mama anajua anachokunywa na anajua nani amekipika. Mtu anayenunua chupa yenye lebo anaamini kwamba kuna mtu aliyepima. Tukimdanganya hapo, tutakuwa tumetumia diplome zetu kuua.

Waganda walipita mu njia hii mbele yetu. Kwao pombe ya kienyeji inaitwa enguli, na nyingi inatoka ku ndizi. Mwaka 1965 ilitoka sheria: asiyekuwa na ruhusa asipike, na mwenye ruhusa auzie kiwanda, kiwanda kiipike upya, kiisafishe, kiitie chupani. Ndivyo Uganda Waragi ilizaliwa, ileile chupa ya Mangobo. Jina lenyewe, wengi wanasema ni "war gin" ya Waingereza iliyogeuka mu vinywa vya watu. Wengine wanaona ni araki ya Waarabu. Lakini sheria haikumaliza enguli ya vijijini, na mpishi mdogo akabaki muuzaji wa malighafi, faida ikaenda ku kiwanda. Kumbukeni nililosema juu ya mkataba wa 1890: nani anapika, nani anaamua, nani anapata faida. Swali lingali lilelile.

Kwa hiyo pendekezo langu ku shirika ni dogo. Tununue alkolometa moja. Ni chombo cha kioo kinachoelea, kinapima asilimia ya pombe. Haipimi metanoli, lakini ni mwanzo. Wenzetu wa kemia wenye mlango wazi mu laboratware yenye mashine ya kromatografia, tukusanye sampuli kumi kutoka kwa wamama kumi wanaokubali, bila kuandika majina yao, tuzipime. Wa agronomia tutafuata muhogo na kulowesha. Wa sheria watuambie ruhusa inapatikana namna gani. Tukishaona namba, ndipo tutazungumza majani, chupa na lebo, na wamama wakiwa wenye sehemu mu biashara, si wauza bidoni.

Mpaka siku hiyo, mu martini yangu ninatia jini yenye lebo ninayoiamini, vijiko vinne kwa kimoja, barafu ya maji yaliyochemshwa. Mama aliniomba nimtengenezee tena Jumapili hii. Alisema niongeze limau, na nipunguze maneno.